Mama Mkwe na Ekseli ya Kushoto

Mama mkwe wangu alipofariki, mwaka jana wakati wa mvua, walinipa kiti cha plastiki nyuma kabisa ya hema, pamoja na wakwe wengine wa kiume, mahali ambapo mtu haoni jeneza wala kaburi. Sikulalamika. Nimekuwa mkwe wa Waganda kwa karibu miaka hamsini, na ninajua kwamba mama mkwe hatazamwi usoni akiwa hai, sembuse akiwa maiti. Kijana mmoja wa ukoo aliniletea sahani ya matoke, akaniuliza kwa adabu kama mimi na marehemu tulifahamiana vizuri. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, wanawake wawili wakageuka kunitazama kwa hasira. Nikamjibu, "Tulifahamiana siku mbili, Alhamisi na Ijumaa." Akanipigapiga begani kama mtu anayembembeleza mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Hakukosea sana, ila si msiba ulionichanganya. Nilichanganyikiwa mwaka wa sabini na saba, na sidhani kama nimepona sawasawa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa mizigo kwenye gati la Port Bell, nikipokea mabehewa yanayoshushwa kutoka kwenye feri. Nilikaa Naguru, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje, na mke wangu Nakato, opereta wa simu mjini. Jumatatu moja hakurudi. Mwenzake wa zamu alikuja kunieleza, akisimama nje kama anayeogopa kukanyaga zulia: wanaume wawili walifika, wakamwomba Nakato atoke nje kidogo, na mkoba wake ulikuwa bado kwenye kiti. Kama ni simu aliyoiunganisha, au aliyokataa kuiunganisha, au jina lililofanana na jina lake, hadi leo hatujui. Nimesikia watu wakisimulia miaka ile kana kwamba kila jambo lilikuwa na sababu yake. Mimi niliyekuwapo sikuona sababu, niliona kiti chenye mkoba.

Siku ya tatu ya kumtafuta, kigari changu kikakatika ekseli ya kushoto. Kilikuwa cha Kifaransa, kidogo, cha aina inayovutwa na magurudumu ya mbele, na kwa wiki mbili kilikuwa kikilia ta-ta-ta kila nilipokata kona, nami nikijifanya sisikii. Pale kwenye mlima wa Naguru kikatoa mlio mmoja mkubwa, kisha injini ikawa inanguruma, gia inaingia, na gari halisogei hata shibiri moja. Wapita njia walinisaidia kulisukuma hadi uani. Ajabu ni kwamba ubovu ule ulilinusuru. Wiki iliyofuata walikuja askari wawili kuliazima, na kuazima kwa askari siku zile kila mtu alikujua. Wakaliwasha, wakaingiza gia, likanguruma likakaa palepale. Wakacheka hadi machozi, wakaniambia, "Kaa na takataka yako, ndugu." Nikawashukuru. Ukifikiria vizuri, nilikuwa nimewashukuru watu kwa kushindwa kuniibia.

Mama mkwe alifika kwa basi kutoka Masaka siku ya nne, na mkungu wa ndizi, rozari shingoni, na kuku mmoja jike mwenye kamba mguuni. Nilimwita Nnyabo, yaani bibi, naye aliniita Ssebo, yaani bwana, na heshima hiyo tulirushiana kupitia ukuta. Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawalali chini ya paa moja, na hawagusani kabisa. Nikamwachia nyumba nzima, nikahamia kulala kwenye gari. Yeye naye, akijua nyumba ni yangu, akatandika mkeka jikoni. Kwa hiyo kwa karibu wiki tatu vitanda vyetu vilikaa vitupu na nyumba ikawa haina mtu, mmoja amejikunja kiti cha nyuma na mwingine analala karibu na mafiga, kila mmoja akiamini amemstiri mwenzake. Asubuhi nilikuta sahani kwenye kizingiti, matoke na mchuzi wa karanga, dodo, ule mchicha wao, za kukaangwa, na chai isiyo na sukari kwa sababu sukari ilikuwa imetoweka madukani. Nyama sikuiona hata siku moja, na kuku yule nilimsikia akikwaruza jikoni kila asubuhi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuuma. Nilijua, kwa kuwa Nakato aliwahi kunifundisha, kwamba kwa Waganda mkwe, muko kwa lugha yao, hupewa kuku, na mkwe aliyenyimwa kuku ametukanwa bila neno kusemwa. Na nilifikiri ninajua kosa langu. Mimi ni Mnubi, wa kabila ambalo wanaume wake wengi walikuwa jeshini. Kiswahili ndiyo lugha niliyokulia, na miaka ile ukibisha hodi kwa Kiswahili mlango wa Kampala, watu wa ndani walianza kutafuta vitambulisho vyao. Waliotushika na waliotuhukumu walizungumza lugha yangu, wengine walikuwa na majina kama yangu. Siku moja nilimsikia Nnyabo akiongea na kuku kwa Kiganda, na kwa Kiganda changu cha sokoni niliokota maneno matatu: mkwe, jeshi, na mwanangu. Nikakaa kwenye gari na mlango umefungwa, nikalia. Nilimpenda Nakato kuliko nilivyokuwa nimepata kumwambia, na mama yake aliamini nimemuuza.

Jumatano moja, mwanamke mlinzi wa gereza aliyezoea kununua samaki pale gatini alisimama karibu nami akijifanya anabagua ngege. Alisema bila kunitazama, "Bibi yako iko kwetu, wameleta yeye juzi. Ijumaa yeye natoka. Lakini mama yake, ile mwenye alizaa, akuje aweke dole, mbele ya saa sita. Hapana bwana. Bwana hawataki." Nikamwuliza kama ni mzima. Akachagua samaki mmoja, akamrudisha. "Kuja na gari," akasema. "Huko walikomtoa, sijui ni wapi, miguu haikupona. Na kama hakuna mtu mbele ya saa sita, jina narudi ndani, na mimi sijui tena yeye natoka lini." Akaondoka na samaki wake bila kuaga.

Nilikwenda Kisenyi moja kwa moja, kwa Papa Ilunga, fundi Mkongo wa Bukavu aliyekuwa na uwanja wa magari mafu nyuma ya maduka ya jumla. Alinitolea ekseli kutoka kwenye gari lililokuwa limekaliwa na mbuzi, akaipima kwa mkono wake, akairudisha, akatoa nyingine. "Ya kushoto na ya kuume hazilingane," alisema. "Ukikosea, kesho utanirudilia ukilia." Nikamsihi aje naye Naguru. Akatikisa kichwa. "Miye siende kule juu, ndugu. Polisi iko mingi, na karatasi sina." Gari lenyewe halikuweza kufika kwake, na hata kama lingeweza, gari zima lililolala Kisenyi halikuamka na mwenyewe. Basi akachuchumaa, akanichorea mavumbini kazi yote kwa kipande cha waya: pini, nati kubwa ya katikati, kiungo cha chini, kisha ekseli itoke kwenye giaboksi. "Weka beseni, ao mafuta yatakuogesha. Na ile nati, mutu mumoja akanyage breki kwa nguvu, mwingine afungue. Peke yako hautaweza." Akaifunga ekseli ndani ya mkeka mkuukuu, nikaibeba begani kama maiti ya mtoto, na njiani watu walinipisha bila kuuliza.

Mtu mmoja akanyage breki. Alhamisi asubuhi nilisimama uani nikiyatafakari maneno hayo. Majirani walikuwa watu wema, lakini tangu Nakato ashikwe walikuwa wakipita upande wa pili wa njia, nami sikuwalaumu, ningefanya hivyohivyo. Nilibaki na mtu mmoja tu duniani, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi, na ambaye ilikuwa mwiko hata kunitazama. Nikaenda hadi ukutani, nikakohoa, nikamweleza yote: Ijumaa, dole, gari, miguu. Kisha nikasema, "Nnyabo, naomba uingie kwenye gari unikanyagie breki."

"Gari yako?"

"Ndiyo, Nnyabo."

"Na wewe nakaa wapi?"

"Chini, kwenye gurudumu la upande mwingine. Sitakuona."

"Mimi nakuona."

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Nitajifunika kichwa," nikasema.

Basi nikajifunika gunia la chumvi, nikatoboa tundu mbili za macho kwa kisu, nikageukia ukuta wakati yeye anapita. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa, chemchemi za kiti zikilia, kisha kitenge chake kikatandazwa ndani ya kioo cha mbele na dirisha la upande wangu. Ukipita njiani ungeona mtu mwenye gunia kichwani ameshika bomba la maji, na gari lililovaa kitenge. Nimezeeka, na bado sijui kama jambo hilo ni la kuchekesha.

Nilikuwa nimeinua gari kwa jeki na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Nikachomoa pini, nikaweka spana kwenye nati, nikachomeka bomba kurefusha mkono. "Kanyaga, Nnyabo!" Akakanyaga, kitovu cha gurudumu kikazunguka bure. "Siyo hiyo, hiyo ni klachi. Ya katikati." Kikazunguka tena. "Ya katikati!" Sauti kutoka ndani ya kitenge ikasema kwa ukali, "Ssebo, hii kitu iko tatu, na mimi miguu iko mbili. Katikati ya nini?" Nikamwambia aondoe mguu wa kushoto kabisa, auweke kando, atumie wa kulia tu. Akafanya hivyo, kitovu kikashikwa imara. Nikapanda juu ya bomba kwa uzito wangu wote. Nati ikaachia kwa mlio mkali kabisa, mfano wa risasi, na mtaa mzima ukanyamaza. Dirisha la jirani likafungwa pole pole. Nilibaki nimelala kifudifudi, gunia limegeuka, sioni kitu. Ndani ya gari sauti ikauliza, ndogo sana, "Ssebo, we mzima?" Kwa wiki tatu zile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

Sehemu iliyofuata niliifanya peke yangu, Nnyabo akiwa amerudi jikoni, na sitaki kujisifu, niliifanya vibaya. Kiungo cha chini kilinigomea kwa zaidi ya saa moja, nikakipiga nyundo hadi kidole gumba kikawa cheusi. Mafuta ya giaboksi yalipoanza kumwagika nikakamata beseni la kwanza nililoliona kizingitini. Lilikuwa beseni lake la kumenyea ndizi. Aliyaona mafuta kabla yangu, maana nilimsikia jikoni akitaja watakatifu kadhaa kwa majina, kisha akasema kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa, "Mwanamume nyumba yake iko na ndoo tano, nachukua sahani ya chakula." Nikaomba radhi ukutani. Nikaiweka ekseli mbovu kando, imekatika shingoni, nikaipachika mpya, na meno yakakataa kuingia. Nikasukuma, nikazungusha, nikasema Bismillahi, nikasema na maneno mengine yasiyofaa baada ya Bismillahi. Kisha ikaingia yenyewe, kirahisi, na sikuelewa nilichokuwa nimekosea wala nilichokuwa nimepatia.

Ilikuwa adhuhuri. Nilikaa kwenye tofali, mikono myeusi hadi viwikoni, na kutoka jikoni nikamsikia Nnyabo akivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. "Ssebo," akasema. "Hii kuku."

"Nakusikia, Nnyabo."

"Mimi naleta kuku kutoka Masaka, kuku ya muko. Wiki tatu nalisha yeye ndizi, nanenepa. Wewe hapana kata. Kwa nini? Sisi nyumba yetu ni mbaya? Kuku yetu ni haramu?"

Sikuamini masikio yangu. "Nnyabo, mimi nilingoja wewe unipe!"

"Napa namna gani? Wewe Mwislamu. Mimi nikikata, we hapana kula. Nafunga hapa mlangoni, wewe naona kila siku. Nangoja ukate."

"Na mimi kuku wa watu ningemchinja vipi bila kuambiwa?"

Kuku akaendelea kukwaruza. Wiki tatu nzima nilikuwa nimekula dodo kama hukumu, na yeye alikuwa akikaa pale akiamini ninaidharau nyumba yake, wakati mwanawe hajulikani aliko. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na siku ile tulikuwa kuku wageni wawili. Akamsukuma nje kwa ufagio, nikanawa, nikaelekea kibla, nikamchinja. Tulikula, mimi kwenye tofali na yeye jikoni, na firigisi niliikuta imewekwa peke yake juu ya jani la mgomba kama desturi inavyotaka. Nililia nikiila, na safari hii sikujificha.

Alirudi garini kwa ajili ya kukaza nati ya mwisho, kitenge kikapanda, gunia likashuka. Akakanyaga ya katikati bila kuelekezwa. Nikiwa nimening'inia juu ya bomba nilipata ujasiri ambao ana kwa ana nisingeupata. Nikauliza, "Nnyabo, ulifikiri mimi ndiye niliyemtoa Nakato?"

Hakuuficha ukweli. "Siku ya kwanza, ndiyo," akasema. "Lugha yako, jina yako. Siku ya pili, ndiyo. Alafu nasikia we nalia kwa gari. Nawaza: mtu ya kazi ile halii kwa gari. Yeye nalia wapi, mimi sijui, lakini hapana kwa gari." Kisha akaongeza, "Kaza vizuri. Kesho mutoto napanda hii."

Nilikaza, nikairudisha pini, nikajaza giaboksi mafuta, nikalishusha gari. Likasogea. Furaha yangu ilichanganyika na hofu, maana gari linalosogea ni gari linaloibika, kwa hiyo sikulitoa nje hata kulijaribu. Asubuhi ya Ijumaa Nnyabo alikaa kiti cha nyuma, amejifunika kitenge kutoka kichwani hadi magotini na kugeukia kioo cha nyuma, akitazama tulikotoka. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja mrefu aliinama dirishani. Bunduki yake iligonga mlango, nami nikawaza: ndiyo hapa, analichukua. "Huyo nani najificha?" akauliza. Nikajibu, "Mama mkwe wangu, afande." Askari yule akaruka nyuma kama aliyeungua, akageuza uso wake kando, na mkono ukaanza kutupungia haraka. "Pita, pita. Hata kwetu iko hiyo. Pita!" Alikuwa na uwezo wa kuchukua gari na roho zetu, akaogopa mama mkwe wa mtu asiyemjua. Nimemfikiria askari yule mara nyingi, na sijui nimchukie wapi hasa.

Tulifika saa nne na nusu. Mama aliingia, akaweka dole, nami nikabaki kando ya gari kwa sababu bwana hakutakiwa. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu lango dogo likafunguka, akatoka Nnyabo, na nyuma yake Nakato, kila mkono umeshikwa na mwanamke mlinzi. Alikuwa amekonda, na nyayo zake zimefungwa matambara. Walinzi walimfikisha nje ya lango, wakamwachia, wakarudi ndani. Kazi yao iliishia hapo. Nakato akasimama hatua kumi kutoka kwangu, akajaribu kuinua mguu, akashindwa. Peke yangu nisingeweza kumbeba, maana kila nilipomshika kiunoni alipiga yowe. Mbavu nazo zilikuwa hazijapona. Ilibidi watu wawili washikane mikono, wamfanyie kiti. Nilimtazama Nnyabo, na ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake. Ulikuwa uso wa Nakato, umeongezewa miaka ishirini. Akakitupa kitenge chini, akanyoosha mikono, akanikamata vifundo vya mikono kwa nguvu, grisi na yote, nami nikamkamata vyake.

Nakato akashtuka kuliko alivyoshtuka kuniona. "Maama! Muko wako! Utatetemeka!" Waganda wanaamini kwamba mama mkwe na mkwe wakigusana, mikono ya mama itatetemeka hadi kaburini, na hakuna dawa.

"Wacha natetemeka," mama yake akasema, akitumia Kiswahili ili mimi nami nisikie. "Kaa."

Akakaa juu ya mikono yetu, tukambeba hadi garini, na nyumbani Nnyabo alirudi jikoni kwake na mimi ukutani kwangu. Hatukutazamana tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na katika kumi ya mwisho mikono yake ilianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha hadi kikombe hakikufika mdomoni. Madaktari walikuwa na jina la ugonjwa huo. Mimi ni Mwislamu na siamini mambo ya mikosi, na ninaamini madaktari. Lakini Nakato, ambaye hutembea kwa miguu yake hadi leo, ndiye aliyekuwa akimnywesha chai, na aliniambia kwamba wanawake wa ukoo walikuwa wakimwuliza mama yake, nusu kwa mzaha, kama aliwahi kumgusa mkwe. Yeye alikuwa akiinua mikono yote miwili mbele yao, inatetemeka, na kuwajibu kwamba ndiyo, alimgusa, na kwa nguvu.